Siku Niliyoambiwa Nibane Mkono

Mtoto wangu wa pili alikuwa ametanguliza makalio tumboni, kwa hiyo upasuaji ulipangwa mapema. Kisu hakikunitisha kama ile sindano ya mgongo, ya ganzi ya kuanzia kifuani kwenda chini. Mtaani kwetu Morogoro hakosi mama anayedai kiuno kinamuuma mpaka leo kwa sababu yake, na mama yangu mzazi alinisihi niombe usingizi kamili.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Mfumo wa fahamu nimeuchora ubaoni miaka nenda rudi, na usiku ule niliushika kama dua. Ugwe mgongo, ile kamba ya neva ipitayo ndani ya uti wa mgongo, kwa mtu mzima haufiki chini kabisa. Unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo kuna mizizi ya neva tu, inaning'inia ndani ya majimaji mfano wa mkia wa farasi. Sindano huchomwa huko.

Asubuhi niliketishwa kwenye kitanda cha upasuaji. "Inama mama, kumbatia mto huu, usitikisike." Mtaalamu wa usingizi alipapasa mifupa ya nyonga, akatafuta nafasi kati ya pingili, akatia ganzi ya ngozi kwanza. Dawa ilipoingia, nyayo zilipata joto ghafla. Neva zinazobana mishipa ya damu ni kati ya zinazozimika mwanzo. Mishipa ililegea, presha ikashuka, kichefuchefu kikanipanda. Akachoma dawa nyingine kwenye dripu, nikatulia.

Kisha akachukua pamba yenye spiriti, akanipitishia begani. Baridi. Akaipitisha tumboni.

"Baridi?"

"Hapana. Ila nasikia unanigusa."

Hapo nilitamani darasa langu zima liwe mle ndani. Nyuzi za maumivu na za baridi ni nyembamba, dawa huziwahi. Zile nene za mguso hukawia. Ndiyo maana nilisikia mikono ya daktari ikinivuta na kunisukuma tumboni, nguvu kabisa, bila chembe ya maumivu. Kumbe ngozi ileile hupeleka habari zake kwa njia tofauti, na unaweza kufunga moja ukaacha nyingine.

Halafu hofu ikaja. Ganzi ilipanda mpaka kifuani, sikusikia tena mbavu zikitanuka, nikaamini sipumui. Nikamwambia mtaalamu wa usingizi. Hakubishana nami, alinipa vidole viwili. "Nibane mkono. Kwa nguvu." Nikabana. "Basi unapumua, mwalimu." Nikaelewa alichokuwa anapima. Kiwambo, msuli mkuu wa kuvutia pumzi, huamrishwa na neva zitokazo shingoni, pingili ya tatu hadi ya tano, na neva za vidole huanzia chini kidogo ya hapo. Kama vidole vinabana, ganzi haijafika kwenye kiwambo. Nilikuwa nazungumza, na anayezungumza ana pumzi, lakini ubongo ulikuwa umekosa taarifa za kifua ukadhani kifua kimesimama.

Mtoto akalia. Msichana, kilo 3 na ushei.

Wodini ulinishangaza tena ubongo huohuo. Nilihisi wazi kwamba magoti yangu yamekunjwa. Nikamwomba mama anyanyue shuka: miguu ilikuwa imenyooka. Habari kutoka kwenye viungo na misuli zilikuwa zimekatika, ubongo ukajichorea picha yake na kuisadiki. Nikakitazama kidole gumba cha mguu nikakiamuru kitikisike; kikagoma, mpaka baadaye alasiri kikacheza kidogo, na mama akasema alhamdulillahi kwa sauti iliyogeuza vichwa vya wodi nzima.

Kitanda cha pili kulikuwa na binti wa kupasuliwa kesho yake, macho yamemtoka kwa woga. Nikamwita asogee, ageuke, nikamwekea kidole pale penyewe, usawa wa mifupa ya nyonga, nikamweleza ugwe unaishia wapi, juu zaidi ya hapo. Akauliza kama inauma. Nikamwambia ile ya ngozi inachoma, kisha utasikia joto miguuni, na ukihisi hupumui, mwambie mtaalamu wa usingizi mara moja, atakupa mkono wake uubane.