Wiki ya Joto Katikati ya Baridi

Baridi ilikuwa imekolea pale joto lilipotuingilia ghafla. Theluji ikayeyuka, paa likachuruzika maji mchana kutwa, kipimajoto kikapanda hadi nyuzi 12. Dada yangu, aliyekuwa amekuja kunitembelea, alifungua banda la gari akakuta mawaridi yangu yamepangwa kwenye vyungu, vijiti vitupu vyenye miiba.

"Mdogo wangu, unayatesa maua haya. Yatoe yapate jua."

"Hapana, dada. Jua ndilo ninaloliogopa."

Alinitazama kana kwamba nimesema neno la ajabu. Kwa kweli nilikuwa na hofu. Tangu mwisho wa kiangazi nilikuwa nimeyaandaa yalale: mbolea nimeikatisha yasitoe matawi mabichi, kisha nikayaacha nje yapigwe na jalidi mpaka yakapukutisha majani. Hapo ndipo nilipoyaingiza bandani, mahali pasipo na moto wala hita, penye nyuzi kati ya 0 na 5. Mizizi ya waridi haivumilii baridi kama matawi yake. Ardhini hukingwa na udongo mwingi unaopoa polepole. Chungu hushambuliwa pande zote. Lakini waridi likidanganywa na joto likaamka kabla ya wakati, utomvu hupanda, macho yake, yaani vichipukizi, hufunguka, na baridi ikirudi huyakuta laini kabisa. Mimi naihofu wiki kama ile kuliko usiku wa theluji.

Basi mchana nilifunga banda, usiku nikalifungua liingize ubaridi. Dirishani nilitundika gunia. Nilichovya kidole katika kila chungu. Palipokauka nilimimina maji kidogo tu, kwa kuwa hata waridi lililolala hufa likikaushwa mizizi. Chungu kimoja kilichokuwa karibu na dirisha kilikuwa kimekwisha kuanza: macho yamevimba, mekundu. Nikakihamishia kwenye kona yenye baridi zaidi, moyo umenidunda.

Baridi ilirudi usiku mmoja, nyuzi 15 chini ya sifuri. Sasa dada ndiye aliyekuwa mbele. Tuliviinua vyungu kutoka kwenye sakafu ya saruji tukaviweka juu ya mbao, tukavibananisha, tukavizungushia mablanketi ya zamani. Kile cha udongo wa kufinyanga tulikifunga kwa uangalifu zaidi, maana maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na chungu kilicholowa hupasuka.

Dada aliondoka kabla ya majira ya kuchipua. Nilipokwangua gome la matawi kwa ukucha, chini yake palikuwa kijani, chungu baada ya chungu. Niliyatoa kidogo kidogo, kwanza kivulini, nikiyarudisha ndani kila usiku uliotishia jalidi. Lile la dirishani lilikuwa limekufa ncha. Nilikata tawi baada ya tawi, nikishuka mpaka nikaona kiini cheupe, na kilichobaki kilikuwa kifupi kuliko kiganja changu.

Dada alipopiga simu, hakuuliza habari za mengine.

"Na lile la dirishani?"

"Limechipua jana. Macho mawili, juu kidogo ya kiungo cha pandikizi, pale lilipounganishwa na shina la chini."

"Usilitie mbolea bado," akasema.