Nilivyowazoesha mitamba 12 uzio usioonekana

Mteremko ninaochungia uko South Downs, kusini mwa Uingereza. Udongo ni mwembamba, chini yake mwamba wa chokaa, na mita moja ya mraba ya nyasi yake inaweza kuwa na aina 40 za mimea. Eneo linalindwa kisheria. Pasipolishwa, miiba inafunika kila kitu. Pakilishwa kupita kiasi, maua yanakwisha. Kipepeo aitwaye Adonis blue hutaga kwenye mmea mmoja tu wa jamii ya kunde, tena pale nyasi zilipo fupi kabisa. Na kwa sababu ya makaburi ya kale yaliyoko juu, hatuchimbii nguzo.

Ndipo tukaleta kola za kuvalishwa ng'ombe shingoni, zenye sola, GPS ya kuonyesha mnyama alipo, na laini ya simu. Mpaka nauchora kwa kidole kwenye simu yangu. Mnyama akiufikia, kola inalia, mlio ukipanda kidogo kidogo. Akigeuka, inanyamaza. Akikaidi mpaka mlio uishe, anapigwa shoti, hafifu kuliko ya uzio wa kawaida wa umeme.

Wiki ya kwanza niliwaweka kwenye konde lenye uzio wa kawaida pande tatu, upande wa nne nikauachia kola. Siku ya pili nilisimama hatua chache kutoka kwa mtamba mmoja mwekundu. Mlio ulipoanza akainua kichwa, majani yakining'inia mdomoni, masikio yamerudi nyuma. Akageuza shingo, kisha mwili mzima, akaendelea kula. Nilishusha pumzi.

Kosa nililifanya mimi tulipopanda mlimani. Nilipitisha mpaka bondeni, chini ya miti, ambako GPS inayumba. Kwa ng'ombe mpaka ukawa unahamahama, na mtamba yule yule akasimama katikati ya malisho, hali, hasogei. Iliniuma sana. Kazi hii yote inategemea jambo moja: mnyama awe na hakika kwamba akigeuka, mlio utanyamaza. Mimi nilikuwa nimemnyang'anya hakika hiyo. Jioni ile ile niliufuta mpaka, nikauchora upya mita 50 juu, peupe, bila kona kali za kumkwamisha mnyama, na hori la maji likiwa ndani kabisa. Kesho yake alikuwa anakula na wenzake.

Baba mdogo, aliyenifundisha kuchunga kule Kongwa, aliniuliza kwenye simu: "Sasa mwanangu, kola ikichunga, wewe unafanya nini?"

"Baba, kola haijui kama ng'ombe anachechemea."

Kila asubuhi nawapitia mmoja mmoja: shingo kama kola imechubua, kwato, macho, kinyesi. Halafu napiga magoti kuangalia urefu wa nyasi, na hapo ndipo ninapoamua kama mpaka usogee leo au ubaki.