Siku yangu moja maktabani, Iringa

Saa 1:30 asubuhi. Upepo wa Julai hapa Iringa unakata masikio, lakini vijana wameshafika mlangoni na masweta yao. "Kamwene!" "Kamwene, dada." Ni watahiniwa wa kujitegemea, wanajiandaa na mtihani wa kidato cha nne wa Novemba. Wengi hawafuati vitabu vyetu. Wanafuata meza, mwanga na utulivu, maana nyumbani chumba ni kimoja na wadogo zao. Huduma hiyo naiheshimu sawa na kuazimisha kitabu.

Saa 2:30. Magazeti yanagongwa muhuri na kuwekwa mezani. Wastaafu wanayagawana kurasa kwa kurasa.

Saa 3. Narudisha rafuni vitabu vya jana. Tunafuata mpangilio wa Dewey, unaopa kila somo namba yake, uliotungwa Marekani mwaka 1876: hisabati 510, kilimo 630. Kitabu cha kemia kikichomekwa kwenye historia ndiyo kimepotea, hata kama katalogi inasema kipo.

Saa 5. Anaingia mzee kutoka Kilolo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kitabu cha miti."

Cha miti kinaweza kuwa cha misitu, mbao au dawa za asili. Nikamvutia kiti, nikamuuliza ni miti gani na imemfanyia nini. Ndipo akasema: alipanda kokwa za parachichi aina ya Hass alizonunua sokoni. Miti imekuwa mirefu, matunda hayaoni. Tukaenda 634, miti ya matunda. Kitabu kinachoeleza vizuri kimeandikwa kwa Kiingereza, basi tukakaa, nikawa namsomea kwa Kiswahili. Mti uliotokana na kokwa huchelewa sana kuzaa, na tunda lake linaweza lisifanane na la mama yake. Mche uliobebeshwa, yaani uliopandikizwa kijiti cha mti unaozaa vizuri, huanza kuzaa mapema zaidi. Akauliza kama mti mkubwa unaweza kukatwa na kubebeshwa upya. Tukapekua hadi tukapata: inawezekana. Akaniomba nimwandikie hatua zake kwenye karatasi, akaikunja akaitia mfuko wa shati. Kwangu ukutubi ndio huu hasa, kumsikiliza mtu mpaka swali lake lenyewe litoke.

Saa 9 alasiri. Watoto wametoka shule. Hadithi za picha ndizo zinazogombewa.

Saa 10. Fundi cherehani anataka kujua namna ya kukata kola. Kitabu kipo, nacho cha Kiingereza. Michoro inamsaidia kidogo, mengine tunatafsiri pamoja.

Saa 11:30 tunafunga. Nina daftari la maswali yaliyokosa kitabu cha Kiswahili. Leo naongeza kubebesha parachichi na kukata kola. Daftari hilo naenda nalo kila tunapojadili vitabu vya kuagiza, na kila mtaalamu anayepita hapa namwonyesha. Bwana shamba mmoja amekubali kuandika kurasa chache za kubebesha. Akizileta nitazitoa nakala, nizibane vizuri, niziweke palepale 634.