Swichi ya nyuma

"Papa, hii swichi ya nyuma ni ya nini?"

Binti yangu alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya meza, anatafuta kifutio chake. Ilikuwa juzi, mvua ya kwanza ya Novemba inapiga mabati. Nilikuwa nimetoka kuwasha kile kisanduku changu cha kupitishia sauti ya santuri baada ya miezi mingi, na vumbi lililotanda juu ya kioo cha lampi yake, ile chupa ya kioo kama za redio za zamani, lilianza kuungua. Harufu ile ndiyo iliyonimaliza. Nikamwambia nitamweleza baadaye, nikabaki nimeshika kikombe mpaka chai ikapoa.

Swichi haina maandishi. Ina pande mbili, na tangu azaliwe hajaniona naigusa.

Nianzie Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, mwaka 2011, pikapu ya Papa yangu, mashine yake ya kupigia santuri, ikiwa mezani na santuri zake zilizopona zimeegemea ukuta. Santuri zilikuwa nyingi kidogo, lakini Mama alitaka moja tu, ya mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco. Wazee wa Likasi hawachoki kukumbusha kwamba Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Afrika, alimrekodi kwao mwaka 1952, mji ukiitwa bado Jadotville. Mama hakujali habari za kurekodi. Alijali vidole. Mwenda alipiga gitaa kwa gumba na kidole cha shahada: gumba linatembea kwenye nyuzi nene bila kuchoka, kidole kinaimba juu yake. Ukifumba macho unaapa wako wawili.

Amplifaya, yaani kikuza sauti, iliyozaliwa na pikapu ile ilikuwa imeshaungua. Nikaiunganisha na amplifaya ya transista niliyoinunua soko la mtaa wa Kenya, hapo hapo Lubumbashi, nikaweka sindano, nikamwita Mama. Sauti ikatoka nyembamba, kama nzi ndani ya kopo. Mama alisikiliza kidogo tu.

"Gumba liko wapi?"

Swali lile lilinikosesha usingizi wiki nzima. Wimbo ulikuwapo, maneno yalikuwapo, gitaa la juu lilikuwapo. Gumba halikuwapo. Jibu lilikuwa kwenye kichwa cha pikapu. Kilikuwa cha fuwele, na fuwele ikitikiswa na sindano hutoa volti nzuri tu, ila haina nguvu nyuma yake. Inataka kuunganishwa na kitu kisichoidai, chenye mlango wa omu (kipimo cha kuzuia umeme) milioni moja au zaidi. Mlango wa amplifaya yangu ulikuwa na omu 47,000. Besi zote zilikuwa zinanywewa pale pale mlangoni, gumba la Mwenda likiwa la kwanza.

Dawa yake niliifahamu kwa sababu Papa aliwahi kunichorea kwenye karatasi ya sukari. Katikati unaweka lampi moja inayopokea sauti kwenye gridi, mlango wake wa kuingilia, na kuitoa kwenye kathodi, mrija mdogo wa ndani unaopashwa moto. Haiikuzi sauti hata kidogo, inatoka pungufu kidogo kuliko ilivyoingia. Kazi yake ni ya mpokeaji ndoo kisimani: aliyechoka anamkabidhi bila kumwaga, naye ana mikono ya kuifikisha.

Lampi, aina ya ECC82, niliitoa kwenye amplifaya kuukuu niliyopewa bure kwa sababu ilikuwa nusu kutu. Chupa moja, ndani yake triodi mbili, yaani lampi mbili kamili, moja ya kushoto na moja ya kulia. Transfoma ilitoka kwenye redio iliyokufa, na sinia la aluminiamu la Mama likawa shasi, kitako cha kufungia vyote (nilimnunulia jingine). Chini ya kila kathodi niliweka rezista ya omu 1,200, kisha ya 22,000 hadi ardhini, na ile ya gridi, ya mega moja (omu milioni moja), nikaifunga pale rezista hizo mbili zinapokutana, si ardhini. Papa alikuwa amezungushia duara mahali hapo mara mbili, na nilipopima nikaelewa sababu: kathodi inaifuata gridi kwa karibu sana, kwa hiyo ile mega moja inaonekana kwa fuwele kama mega kadhaa. Kathodi yenyewe ilikaa kwenye volti 100 na ushee. Kapasita ya kuchujia, inayohifadhi umeme ndani yake, ilinitupa chini mara moja, kifaa kikiwa kimezimwa kabisa. Siku hiyo hiyo nililehemu rezista ya kuimwaga umeme wake. Ambaye hajaiweka aiweke leo.

Na gumba likarudi. Mama alicheka kwa sauti, akapiga meza, santuri ikaruka.

Lakini kisanduku kilikuwa kinavuma. Si sana. Mmm ya chini, usiku na mchana, noti ile ile ya umeme wa mtaani, mizunguko 50 kwa sekunde. Uzi wa moto wa lampi umekaa ndani ya kathodi kama utambi ndani ya mrija, nami nilikuwa naupa volti 6.3 za transfoma, umeme unaokwenda na kurudi. Na kwangu kathodi ndiyo mlango wa kutokea sauti. Nilisogeza waya, nikazisokota, nikageuza transfoma. Mmm. Nilianza kuichukia. Kila usiku, umeme ukiwapo, nilikaa mle sebuleni nimeinama juu ya sinia, Mama yuko nyuma ya pazia, mimi na Mmm yangu.

Miezi ilipita hivyo. Kisha siku moja, jirani akiwa anapima betri ya pikipiki yake, nikaona kwenye kipimo: 12.6. Nikasimama pale pale. Uzi wa ECC82 ukiunganishwa mguu wa nne na wa tano, wa tisa ukiachwa wazi, unataka volti 12.6 kamili. Betri haiendi na kurudi, inasukuma upande mmoja tu. Na uzi unakula miliampea 150, kwa hiyo betri ndogo inamaliza siku nzima na zaidi.

Usiku wa kubadilisha, umeme ulirudi kama saa tano. Mtaa mzima ulishangilia, kisha mtaa ukalala. Betri ilikuwa chini ya meza, juu ya kipande cha mbao. Nikaunga waya mwekundu, nikaunga mweusi, nikafunga upande mmoja wa betri na ardhi ya saketi. Uzi ukaanza kwa wekundu wa kiza, ukapanda polepole hadi rangi ya kaa linalopulizwa. Nikafungua sauti ya amplifaya. Sikusikia kitu. Nikaifungua hadi nusu. Nikaweka sikio kwenye spika hadi kitambaa chake kikanikuna shavu. Hakuna. Nilisikia tone la maji kwenye ndoo ya nje. Nilisikia mbwa upande wa pili wa barabara. Nilikuwa natetemeka mikono kwa furaha.

Pazia likafunguka. Mama alisimama pale na kitenge begani, macho yamejaa usingizi.

"Umezimisha?"

"Hapana, Mama. Inawaka. Angalia."

Akasogea, akaangalia lampi, akaweka kiganja juu ya meza kama anayepima homa ya mtoto. Nikamwekea Mwenda, pole pole, watu wasiamke. Gumba lilitoka kwenye kimya kama mtu anayeingia chumbani bila kubisha. Ukucha ulisikika ukigusa uzi. Mama alisikiliza upande mzima amesimama.

"Ni safi," akasema. Kisha, akiwa ameshageuka: "Ni kwamba redio ya Papa yako nayo ilikuwa inavuma. Nikisikia inavuma, najua kuna mtu, nalala."

Akarudi nyuma ya pazia. Nilisikia kitanda kikilia, kikalia tena, na tena. Hakulala mapema usiku ule. Wala mimi.

Kesho yake nilinunua swichi ya miguu tisa, sawa na miguu ya lampi. Upande mmoja betri, upande mwingine transfoma. Mchana, kwa ajili ya Mwenda, betri. Usiku, transfoma. Tuliishi hivyo miaka, na hatukuwahi kulizungumza.

Sikumbuki ni lini niliiacha upande wa betri. Nilioa, tukahama, Mama akaja kukaa nasi, ana chumba chake chenye mlango wa mbao. Nilidhani mlango umelimaliza jambo lile.

Juzi usiku, mvua ilipokatika, nilimwita binti yangu, nikamwambia aisukume mwenyewe. Uzi ukafifia, ukawaka tena. Mmm ikajaa sebule.

"Imeharibika?" akauliza.

"Hapana."

Tulikaa gizani tukiitazama lampi. Kutoka chumba cha nkambo yake, bibi yake, hakikutoka kitu, wala kikohozi wala mlio wa kitanda. Sikujua kama amelala au anasikiliza.