Faranga, dola na ile foldl' isiyotosha

Depo ya unga ya mjomba wangu, pale Kenya, komini ya mji wetu wa Lubumbashi huku Kongo, inauza kwa pesa mbili kama mji mzima: mfuko mmoja mmoja kwa faranga, mzigo mkubwa kwa dola, na hakosekani mteja wa nusu hivi, nusu vile. Programu ya mauzo nimeiandika kwa Haskell, lugha ya programu inayoahirisha kila hesabu mpaka jibu lake lihitajike. Watu wananicheka, nimezoea. Nilitaka kompaila yenyewe, ile inayogeuza msimbo kuwa programu, igome mtu akijumlisha faranga na dola, kwa hiyo kila pesa nikaipa aina yake:

newtype Faranga = Faranga Integer
newtype Dola = Dola Integer

(Dola naziweka kwa senti, msije mkauliza.)

Shida ilikuja kwenye jumla. Nilipounganisha mafaili ya miaka yote, kompyuta yangu ya GB 4 ikaanza kukwama: memori inapanda tu, feni inalia, jibu halitoki. Na nilikuwa natumia foldl', inayopita orodha ikikusanya jumla na kuilazimisha kila hatua, ile ile tunayoambiwa tuitumie badala ya foldl, ambayo huahirisha. Tangu toleo la 9.10 la GHC (kompaila ya Haskell), la mwaka 2024, huna haja hata ya kuiita kutoka maktaba ya Data.List, iko mlemle kwenye Prelude, vitu ambavyo kila programu huvipata bila kuviita.

Nikampigia yaya mmoja (huku kwetu ni mkubwa wako, si mlezi wa watoto) tuliyesoma naye, siku hizi yuko mji wa Likasi. Sijamaliza habari za feni akanikata: "Mudogo, aina kwanza, bintu ingine nyuma." Nikamtumia mstari mmoja kwa WhatsApp, unaosema inaingia orodha ya mauzo, inatoka jozi ya Faranga na Dola:

jumlisha :: [Mauzo] -> (Faranga, Dola)

Hakuomba faili wala msimbo uliobaki. Aliuliza tu: kila hatua, foldl' inalazimisha nini? Inalazimisha kile kinachokusanywa, ndiyo, lakini inaishia kwenye ganda la nje. Hapa ganda ni jozi. Ikishajulikana kwamba hii ni jozi, foldl' imeridhika na inaendelea mbele. Faranga na dola za ndani zinabaki hesabu ambazo hazijafanywa, kujumlisha juu ya kujumlisha, kama mteja anayesema "andika kwenye daftari" kila asubuhi. Aina inakuambia ndani kuna Faranga. Haikuambii kama hesabu yake imeshafanywa.

GHC ikipewa -O, yaani ikiambiwa iboreshe programu, huzigundua baadhi ya hali hizi na kuzirekebisha yenyewe. Mimi sipendi kuibahatisha. Tuliitupa jozi, tukaweka hii:

data Jumla = Jumla !Faranga !Dola

Zile alama za mshangao zinasema Jumla haijengwi mpaka sehemu zote mbili ziwe zimehesabiwa. Basi foldl' inapodai ganda, inavuta na za ndani. Memori ikatulia.

Kinachonifurahisha zaidi ni kitu ambacho yaya alikitaja kama kwa kupita. Kama Faranga ningeiandika kwa data badala ya newtype, mshangao ule ungeishia kwenye ganda la Faranga, na Integer ya ndani ingebaki inasubiri. Newtype haina ganda programu inapokimbia, kwa hiyo kuilazimisha Faranga ni kuilazimisha namba yenyewe. Nilichagua newtype kwa ajili ya kompaila. Kumbe ilinibeba na huku.

Wapo wanaowasha StrictData, inayoweka mshangao kwenye kila sehemu ya data ya moduli (faili la msimbo) nzima, inawezekana tangu GHC 8.0. Wengine hukimbilia deepseq, ambayo inapita muundo wote mpaka chini, hata pale ambapo mshangao mmoja ungetosha. Mimi naona heri alama iandikwe palepale inapohitajika, anayesoma aione.

Sasa mjomba anataka jumla moja tu, yote kwa faranga. Nimeandika

badili :: Kiwango -> Dola -> Faranga

na nikamuuliza: kiwango cha siku ya mauzo, au cha leo asubuhi kwa wabadilishaji pesa wa barabarani? Bado anafikiri.