Nilipanda Shengena na mchele, nikashuka na tangawizi

Aliyenishauri nibebe mchele kwenda Upareni anajijua. Sitamtaja, tunapanda daladala moja kila asubuhi.

Mimi ni Mchaga wa Kibosho, naishi Pasua hapa Moshi, na Kilimanjaro sijawahi kuupanda. Nauona nikipiga mswaki, inatosha. Nilichokuwa nakitamani ni msitu: nitembee, nilale kwa watu, nile wanachokula, Jumatatu nirudi kazini bila deni la mtu. Mwenzangu mmoja ofisini, Mpare, akasema niende Chome, kwenye hifadhi ya mazingira asilia kule wilayani Same, nikapande kilele cha Shengena, mita 2,462. Akanipa namba ya mtu wa kijijini. Huo ndio ushauri pekee niliopewa uliokuwa na akili.

Mara ya kwanza nilikwenda Aprili. Cheka umalize, nitakusubiri.

Utetezi wangu ni kwamba nilishuka Same jua linawaka, vumbi, mikonge imesimama kama imekaushwa na mafuta, nikajisemea masika gani haya. Hakuna aliyeniambia jinsi ile milima inavyofanya kazi. Upepo unatoka Bahari ya Hindi na mvuke wake, unapanda milima ya Pare kwa upande wa mashariki, unamwaga maji yote huko, na Same iliyoko nyuma ya mlima inabaki inalamba midomo. Kwa hiyo ukitazama hali ya hewa ukiwa stendi ya Same, umejidanganya mwenyewe. Gari la kwenda Mbaga, huko juu milimani, lilikwama mara tatu. Tulishuka, tukasukuma, tukapanda, tukashuka. Nauli tulilipa kamili.

Sasa viatu. Rafiki yangu mwingine, anayefanya kazi na watalii, alikuwa ameniapia kwamba bila buti za mlima nitavunjika shingo. Nikaingia mtumbani nikachagua buti za maana, za Ulaya, soli nene kama kitumbua, kama elfu hamsini na kitu baada ya kupatana nusu saa. Kesho yake asubuhi tukatoka Mbaga kwa miguu kuelekea Chome, mimi na kijana wa kuniongoza. Saa moja haijaisha, kiatu cha kulia kikaanza kutabasamu. Nikajifanya sioni. Tukavuka kijito, kikacheka waziwazi. Kijana akakifunga kwa kamba ya nailoni. Cha kushoto kuona mwenzake anahudumiwa, nacho kikaangua kicheko, na hicho hakikuwa na nidhamu: soli yote ilibaki kwenye tope, mimi nikatangulia na soksi. Nilirudi kuichukua. Sijui nilitaka kuifanyia nini, lakini nilirudi kuichukua.

Nikiwa nimekaa kwenye jiwe na soli mkononi, akapita bibi mmoja anashuka, mzigo wa kuni kichwani, miguu mitupu, hata hatelezi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama miguuni, akasema, "Pole, baba. Uliuziwa na Mpare?" Nikasema hapana, Bibi, na Mchaga. Akaendelea na safari yake ameridhika kabisa. Mimi nikarudi Mbaga, na siku iliyofuata Moshi.

Mara ya pili Septemba, vuli haijaanza. Gambuti za mpira nilinunua palepale Same, zile wanazovaa mafundi wa mitaro, bei ya kuku mmoja mzuri. Kibali cha kuingia hifadhini nililipia kabla ya kupanda kwa namba ya malipo, kwenye simu. Mtanzania halipi sawa na mgeni wa nje, usiogope.

Na mchele je? Huyu wa daladala alinikalisha chini: "Wapare unawajua. Utalala njaa. Beba chakula chako." Tumekua na utani huu, Mpare mchoyo, Mpare yuko tayari kutumia laki mahakamani kudai elfu kumi. Kumbe mwenzangu alikuwa ameufanya utani kuwa mwongozo wa safari, na mimi nikamfuata. Nikabeba kilo tano za mchele, mikate miwili, na samaki wa kopo. Mikate ilifika Chome imekuwa chapati.

Nyumba niliyofikia ina mzee, mama mwenye nyumba, bibi mzaa mzee, na watoto ambao sikupata idadi yao kwa sababu hawakai. Mama alipofungua begi langu akautoa ule mchele, akauangalia, akaniangalia. "Mwanangu, kuna harusi au kuna msiba?" Nyumba nzima ikacheka, bibi akaomba arudiwe kuelezwa kwa sababu hakusikia vizuri, akaelezwa kwa Kipare, akacheka peke yake upya. Jikoni kulikuwa na makande yaliyoanza kuchemka tangu adhuhuri, mahindi yamepasuka, maharage yamelainika hadi mchuzi umekuwa mzito. Nilikula sahani tatu. Ya tatu sikuiomba, niliwekewa, na nilipojaribu kukataa nikaambiwa wageni wa Kichaga huwa wanaogopa kwamba wataletewa bili. Kisha ikaja chai ya tangawizi, inayokuwasha koo hadi masikio. Mzee alinionjesha na dengelua, pombe yao ya miwa. Kikombe kimoja kinatosha. Usinywe viwili halafu ukasema utaamka alfajiri.

Mimi niliamka, kwa taabu. Mzee alikuwa na zamu ya maji. Wana mabwawa madogo wanayaita ndiva: usiku yanajaa kutoka kwenye kijito, asubuhi mwenye zamu anazibua, maji yanakimbia kwenye mfereji hadi shambani kwake. Nimekulia kwenye mifongo ya Kichaga nikidhani hayo mambo tuliyabuni sisi peke yetu duniani. Nilimwambia mzee hivyo. Akasema, "Nyie mliyaona kwetu," akazibua.

Msituni sitasema mengi, nenda. Kuna miti ya mikulo ambayo watatu mkishikana mikono hamuizungushi, kuna miti imeota ndevu, na ukungu unaingia kama mtu mwenye funguo za nyumba. Kijana alinionyesha ndege mdogo wa kijani na njano, jicho limezungushiwa pete nyeupe. Anasema anapatikana kwenye milima hii ya Pare Kusini tu, wazungu wanavuka bahari kumfuata. Alikaa sekunde nne. Kileleni niliona ukungu, na ukungu ulipochoka kidogo nikaona tambarare ya Mkomazi huko chini, kahawia, ya jua kali, kama nchi ya watu wengine. Dakika mbili, pakafungwa.

Sasa jambo ninalojivunia, japo si langu. Gambuti zinazuia maji lakini kwenye mteremko wa tope zinateleza kama sabuni, na kushuka ndiko kunakovunja watu. Nilianguka mara mbili kabla kijana hajanihurumia. Akatoa mfukoni kamba ya katani, akaizungusha soli mara tatu kwa upana, mara moja nyuma ya kisigino, akafunga juu ya mguu. Basi. Katani ina nywele, inaling'ata tope. Nilishuka mlima kama yule bibi wa kuni. Kamba ya shilingi mia kadhaa, na mimi nilishamwaga elfu hamsini kwa Ulaya! Fundo lisikae chini ya unyayo, litakuumiza. Na uwe na kamba ya akiba, ya kwangu ya kushoto ilikatika karibu na kijiji, nikaingia uani kwa makalio mbele ya watoto wote.

Suala la kulipa lilininyima usingizi kuliko dengelua. Nilimuuliza mama, akasema utatoa unachojaliwa, jibu ambalo kwa mtu wa hesabu ni mateso. Mzee ndiyo kabisa, alitazama pembeni. Mwisho nikamuuliza kijana njiani, akanitajia wageni wengine huwa wanaacha kiasi gani, kama elfu ishirini au thelathini kwa usiku. Nikaongeza kidogo, nikamkunjia bibi mkononi nikasema ni ya sukari. Akaihesabu palepale. Usimpe mzee mbele ya watu.

Mchele niliuacha, nikadhani nashuka mwepesi. Mama akachukua lile begi akalirudisha limejaa: tangawizi, mkungu mdogo wa ndizi, maharage kwenye salfeti. Eti begi la mgeni halirudi tupu. Kwenye gari la Same konda alilinyanyua, akaguna, akanidai nauli ya mzigo. Nikambishia hadi Same. Nikalipa.