Nilivyolihamishia Subaru langu kwenye E85, na kipande cha mpira kilichotaka kuniulia injini

Huku Minnesota E85, yaani ethanoli (pombe ya mahindi) iliyochanganywa na petroli kidogo, si mafuta ya watu wa mashindano tu. Ukitoka Minneapolis ukaelekea kusini, unapita mashamba ya mahindi hadi macho yachoke, na sehemu kubwa ya mahindi hayo huishia viwanda vya ethanoli. Jimbo hili ni mojawapo ya yenye vituo vingi zaidi vya E85 Marekani. Kilicho karibu nami hapa Brooklyn Park kiko dakika saba kutoka nyumbani, na hilo ndilo lililonifanya niwaze jambo hili kwa uzito. Mtu asiye na kituo karibu asianze.

Gari langu ni Subaru WRX STI ya 2011, injini ya lita 2.5 yenye turbo. Nimekulia Nakuru, na mlio wa injini ile naujua tangu sijajua kuendesha baiskeli. Nililinunua likiwa na maili 74,000 na kwa miaka miwili nililiendesha kwa petroli ya oktani 91. Majira ya baridi lilikuwa zima kabisa. Shida ilikuja Julai. Joto likipanda, kila nikikanyaga mafuta kwenye gia ya tatu, rekodi za kompyuta ya gari zilionyesha injini inagonga kidogo, yaani mafuta yanajiwasha yenyewe kabla ya wakati, na kompyuta inachelewesha cheche ili kujilinda. Silinda ya nne ndiyo mafundi wengi wa injini hii huiogopa zaidi kwa joto na pistoni kupasuka. Sikutaka kungoja nione.

Ethanoli inatibu ugonjwa huo kwa njia mbili. Oktani yake iko juu sana, kwa hiyo haijiwashi kabla ya wakati wake. Tena inapogeuka mvuke hunyonya joto zaidi ya mara mbili ya petroli, ikaipoza hewa inayoingia kwenye silinda. Ukimwaga spiriti mkononi unajua baridi yake. Ndiyo hiyo hiyo, ila ndani ya injini.

Lakini kuna malipo yake. Petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo ya mafuta. E85 huhitaji kama kilo 9.8 tu. Maana yake, kwa hewa ile ile inayoingia, lazima upeleke mafuta mengi zaidi, kwa ujazo theluthi moja hadi asilimia 40. Watu wengi wanaponiuliza kuhusu E85 huanza na nguvu za farasi. Mimi huanza hapa, kwa sababu kazi yote niliyoifanya ilikuwa ni kuhakikisha mafuta hayo ya ziada yanafika. Tangi, pampu, mpira, waya, chujio, injekta: ni mnyororo mmoja, na nilikuja kujua kwa hofu kwamba niliukagua wote isipokuwa pete moja.

Nilianza na injekta, vile vidude vinavyopulizia mafuta kwenye injini. Rekodi zilionyesha kwamba kwa petroli, kwenye mizunguko 6,000, injekta za kiwandani zilikuwa wazi asilimia 84 ya muda wote. Zidisha kwa theluthi moja uone: unapita asilimia mia moja. Injekta haiwezi kuwa wazi zaidi ya wazi. Nikanunua seti ya nne zinazopitisha zaidi ya sentimita za ujazo 1,000 kwa dakika, karibu mara mbili ya zile za mwanzo, zilizokuja na karatasi ya vipimo ikionyesha kila moja inachelewa kiasi gani kufunguka kwa kila kiwango cha volti. Usinunue injekta zisizo na karatasi hiyo, hata ukipewa kwa nusu bei. Bila namba zile fundi anayepanga kompyuta ya gari anabahatisha, na kwa injekta kubwa kubahatisha kidogo tu kunatosha gari likatetemeka kila likisimama kwenye taa.

Pampu ya zamani haikuwa na uwezo. Mpya ni ya lita 340 kwa saa, imeandikwa wazi kwamba inahimili ethanoli. Maandishi hayo yana maana, kwa sababu ethanoli hupitisha umeme kuliko petroli na huvuta maji kutoka hewani, kwa hiyo baadhi ya metali na plastiki za pampu za kawaida huliwa polepole.

Kuifikia si kazi ngumu kwenye gari hili. Unainua kiti cha nyuma, unafungua kifuniko cha bati upande wa abiria, unakuta kichwa cha pampu kimefungwa kwa nati. Kabla ya hapo nilichomoa fyuzi ya pampu nikaacha injini izime yenyewe ili presha iishe, nikatoa waya hasi wa betri, nikafungua milango yote ya gereji, na mtungi wa kuzimia moto ukawa miguuni pangu siku nzima. Mvuke wa mafuta hukaa chini, sakafuni, usipouona. Hapo sina haraka na mtu.

Umeme nusura uniponyoke. Nilipima volti kwenye pampu injini ikinguruma: 11.9. Kwenye betri: 13.9. Volti mbili zilikuwa zinapotelea kwenye waya mwembamba wa kiwandani, na pampu isiyopata volti haitoi lita zilizoandikwa kwenye boksi lake. Nikavuta waya mnene kutoka betri hadi nyuma, ukiwa na fyuzi yake mwanzoni kabisa, na relei, swichi inayowashwa kwa umeme, karibu na tangi. Hapo kuna mtego. Gari hili lina kidhibiti kinachopunguza kasi ya pampu kwa kukatakata umeme, kwa hiyo ukiwasha relei kwa waya unaotoka kwenye kidhibiti, itagonga-gonga mpaka iungue. Ishara yangu niliichukua kwenye waya unaoingia. Pampu sasa inazunguka kwa nguvu zote wakati wote, na mafuta yanayorudi tangini ni mengi, ndiyo maana nikabadilisha na kirekebisha presha pia.

Mwisho nikafunga sensa ya ethanoli kwenye paipu ya kurudishia mafuta. Ni kidude kidogo lakini bila hicho nisingethubutu. E85 ya Marekani si asilimia 85 kila siku. Kwa kiwango rasmi ethanoli yake inaruhusiwa kuwa kati ya asilimia 51 na 83, kutegemea majira na mahali. Sensa inatuma mapigo ya umeme: 50 kwa sekunde kama hakuna ethanoli kabisa, 150 kama ni ethanoli tupu. Kompyuta inasoma, inachagua yenyewe kiasi cha mafuta na wakati wa cheche. Mwaka wa kwanza nilikuwa bado naihakiki kwa kitubu cha kupimia: unatia maji hadi mstari, unajaza mafuta, unatikisa, unangoja. Ethanoli huiacha petroli ikaingia kwenye maji, na mstari wa maji unapanda. Sensa na kitubu hazikuwahi kupishana zaidi ya asilimia tatu.

Vifaa na siku moja ya mashine ya kupimia nguvu vilinigharimu kama dola 2,300. Mwanzo gari lilitoa nguvu za farasi 258 kwenye magurudumu. Jioni ile, turbo ikiwa ile ile ya kiwandani, lilitoa 321. Kilichonifurahisha zaidi kilikuwa ule mstari wa kugonga kwa injini, umelala sifuri kutoka mwanzo hadi mwisho. Julai, digrii 31, na sifuri.

Wiki sita baadaye nililipeleka Brainerd, kwenye uwanja wa mbio ulio kaskazini, mwendo wa saa mbili na zaidi kutoka mjini. Uwanja ule una njia iliyonyooka ya karibu maili moja, na hakuna mahali pa barabarani panapoweza kuuliza mfumo wa mafuta swali hilo: unaweza kutoa kila tone, bila kupumzika, kwa sekunde zote hizi? Mzunguko wa tano, gia ya nne, mshale wa mchanganyiko wa hewa na mafuta, ambao hukaa 0.80, ukaanza kupanda. 0.84. 0.90. Niliinua mguu ulipofika 0.95. Kwa asiyezoea namba hizo: injini ilikuwa inanyimwa mafuta huku turbo ikiendelea kuijaza hewa, na hivyo ndivyo pistoni zinavyoyeyuka.

Nililirudisha nyumbani polepole. Nilikuwa na hakika ni pampu. Nikamwita mzee mmoja wa Mombasa ambaye ametengeneza magari maisha yake yote, Changamwe kisha huku, na ambaye huwa tunaswali naye msikiti mmoja. Alinikuta nimeshaitoa pampu nimeilaza kwenye meza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii pampu umeiunga kwa mpira gani?"

Nikamwambia ni mpira mpya, wa mafuta, wa presha kubwa, tena wa bei.

"Hebu usome maandishi yake."

Nikausoma: SAE 30R9, alama ya kiwango cha mpira wa mafuta. Mpira wa heshima kabisa, tabaka lake la ndani linahimili ethanoli bila shida. Mzee akaubinya kwa vidole viwili, ukabonyea kama mkate uliolowa chai.

"Huu ni wa kupitisha mafuta ndani yake. Haukutengenezwa uogelee."

Nikaelewa papo hapo, na mwili ukanisisimka. Pampu ya gari hili inakaa ndani ya tangi, na kile kipande kifupi kinachoiunganisha na kichwa chake, kirefu kama kidole cha shahada, kimezama kwenye mafuta saa ishirini na nne. Tabaka la nje la 30R9 halikuumbwa kwa hilo. Ulikuwa umevimba, umelainika, na chini ya kibano ulikuwa umepasuka ufa kama kucha. Kwa mwendo wa kawaida presha ilitosha. Kwenye ile maili moja, pampu ilikuwa inasukuma mafuta yakatoka kwenye ufa na kurudi tangini yalikotoka. Mpira wa kuzamisha una maandishi yake: SAE 30R10. Bei yake kwa futi moja ni mara kadhaa ya ule mwingine, na nilikuwa nimeuona dukani nikaupita.

Tukaweka 30R10, na vibano vya injekta, vile vinavyobana mduara wote sawasawa badala ya vile vya meno vinavyoukata mpira. Kabla ya kuwasha nilipima mgandamizo wa silinda zote nne. Zilikuwa nzima. Nilikaa chini sakafuni kwa muda baada ya namba ya nne kutoka.

Jambo jingine nililoliongeza siku hiyo ni sensa ya presha ya mafuta, imeunganishwa na kompyuta. Presha ikishuka chini ya inavyopaswa, turbo inaachia hewa yenyewe kabla hata sijaona mshale. Ilipaswa kuwa kifaa cha kwanza kununua.

Majira ya baridi ni habari nyingine. Ethanoli haipendi kugeuka mvuke kwenye baridi, na asubuhi ya digrii 25 chini ya sifuri ni ile petroli kidogo iliyochanganywa ndiyo inayoiwasha injini. Ndiyo sababu E85 ya Januari hupunguzwa ethanoli; sensa yangu husoma kama 68. Hata hivyo mimi huongeza petroli tangini mpaka ifike 40 hivi, na usiku nachomeka hita ya bloku, ile ya kuipasha injini moto, kwenye umeme kama majirani wote. Oili nabadilisha kila maili 3,000, kwa kuwa mafuta mengi yanayomwagwa kwenye injini baridi hupenya hadi kwenye oili. Na matumizi msidanganyike: nilikuwa naenda maili 20 kwa galoni, sasa ni 15. Bei ya E85 iko chini, lakini kwangu mimi akiba hiyo huishia kwenye maili zilizopungua.

Vijana wa nyumbani wananiandikia wakitaka kufanya hivi kwa ethanoli ya kupikia, kwa kuwa Kenya ipo na inatokana na molasi. Wazo lenyewe halina ugeni, maana miaka ya 1980 petroli iliyochanganywa na ethanoli ya Muhoroni iliuzwa kwenye vituo vyetu. Lakini ethanoli ya jiko inaweza kuwa na maji, na maji yakizidi kwenye mchanganyiko, petroli na ethanoli huachana: moja juu, nyingine chini, na pampu inanyonya iliyo chini. Bila kituo kinachouza mafuta ya aina moja leo na kesho, na bila sensa, jibu langu kwao ni hapana, na nalitoa kwa upendo.

Jumamosi hii nainua tena kiti cha nyuma. Mpira una miezi kumi na minne sasa, haujavuja, presha haijawahi kuyumba, lakini nataka kuubinya kwa vidole vyangu mwenyewe.